Ushuhuda wa Koko

Juzi nilishuka Malvern, mtaa wetu wa zamani hapa Johannesburg, kutafuta begi kubwa la safari, yale ya nailoni yenye mirabaraba, nikajikuta nimesimama mbele ya jengo lililokuwa kanisa letu. Sasa ni duka la matairi. Yamepangwa mpaka dirishani, na pale zilipokuwa ngoma na kinanda kuna mashine ya kujaza upepo inayokohoa kama mzee mwenye pumu. Kijana aliyekuwa anafungua nati akaniuliza ninataka saizi gani. Nikamwambia naangalia tu. "Sharp, sisi, angalia," akasema, na "sisi" kwao ni dada, akaendelea na kazi yake.

Ningemwelezaje? Nilikuwa naangalia kipande cha sakafu ambapo siku moja, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nilisimama nikasema kwa Kiingereza jambo ambalo sikuwahi kulijua mpaka lilipotoka kinywani mwangu mwenyewe. Wewe nitakueleza, rafiki yangu. Wewe huna haraka ya matairi.

Tulifika Johannesburg mwaka wa 2015, mimi, mdogo wangu wa kiume, na koko. Koko ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Kongo, na huyu alikuwa mama yake mama. Mama mwenyewe alitutangulia kwa miaka miwili. Alikuwa anasuka nywele kwenye saluni ndogo ya Barabara ya Jules. Koko ndiye aliyetutoa Uvira, akatuvusha ziwa, akatupitisha Tanzania, Zambia na Zimbabwe, mara basi, mara lori, mara miguu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu mitatu. Safari ile siikumbuki vizuri kwa sababu sehemu kubwa nilikuwa na homa. Ninalolikumbuka ni moja. Katika mji mmoja wa Zambia niliamka kwenye chumba chenye kuta za waridi, mama nisiyemjua ananipepea kwa kipande cha boksi, na baada ya muda koko akaingia, mdogo wangu yuko mgongoni, mkononi ameshika maandazi yaliyofungwa kwenye gazeti. Yalikuwa bado moto. Mafuta yalikuwa yamelowesha gazeti mpaka herufi zimehamia kwenye ngozi ya andazi. Nimekula maandazi mengi tangu hapo, na magwinya, ndiyo maandazi ya hapa Johannesburg, nayapenda, lakini yale ya Zambia niliyasimulia kwa kila mtu aliyekuwa tayari kunisikiliza.

Tulikaa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu, karibu na roboti ya pili, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, ukitokea mjini. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kuteka maji kwenye bomba la uani kabla wapangaji wengine hawajaamka, kisha kumvalisha mdogo wangu soksi, ambazo alizivua tena nikigeuka. Jioni nilichagua mawe kwenye maharage. Koko alipika sombe kwa saa nyingi mpaka harufu ya majani ya muhogo na mawese ikajaa uwanja mzima, na mama mwenye nyumba, Mzulu, akatoka mlangoni akauliza kwa mara nyingine tena, "Hii nyasi yenu itaiva lini?" Kisha akaleta sahani yake.

Shuleni niliwekwa na watoto wadogo kuliko mimi, kwa kuwa sikujua Kiingereza. Magoti yangu hayakuingia chini ya dawati. Mwalimu wetu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya pole, na ukutani alikuwa amebandika karatasi kubwa ya vile vitenzi vya Kiingereza vinavyokataa kufuata kanuni, vimepangwa safu tatu. Sikuwa nimeisoma. Nilichojua ni kwamba ukitaka kusema jambo la jana unabandika sauti fulani mwishoni mwa kitenzi, basi, umemaliza. Nilijivunia sana ugunduzi huo, maana nilikuwa nimeupata peke yangu.

Siku moja mwalimu akataka kila mtoto aseme jambo moja lililopita. Nikasimama nikasema kwamba nyanya yangu alituleta Johannesburg. My grandmother bringed us. Kisha msichana wa mbele akasema, "Hayi bo! Bringed!" na darasa zima likaanguka. Mwalimu akapiga meza, "Thulani!" yaani nyamazeni, akanielekeza kwa rula kwenye ukuta: bring, brought, brought. Hakukasirika hata kidogo. Lakini tangu siku ile uwanjani jina langu likawa Bringed. "Bringed, lete mpira!" "Bringed, leo umetuletea nini?"

Hawakuwa watoto wabaya, nataka ulielewe hilo. Mwingine angecheka nao, yakaisha. Mimi nilikuwa mtoto wa aina ile anayekunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena mpaka pembe zikutane. Nikaapa kutofungua mdomo kwa Kiingereza mpaka niwe sina kosa hata moja. Mwaka ukapita hivyo. Nilijaza daftari kwa kitenzi kile kimoja, safu zake zote tatu, na mwandiko ukiniudhi nilichana ukurasa nikaanza upya. Nakiri kwamba nilijua kuandika brought kwa uzuri kuliko jina langu, na sikuwa nimemtamkia mtu yeyote hata mara moja.

Kiingereza chenyewe nilijifunza saluni kwa mama, kwenye magazeti ya mitindo ya nywele ambayo wateja waliyapitia wakisubiri zamu. Kiswahili hiki ninachokuandikia nilijifunza palepale, upande wa pili wa pazia, kwa fundi cherehani Mtanzania aliyetugawia nusu ya chumba. Alikuwa mtu wa Tanga, na hakuacha neno letu lipite bila kulinyoosha.

"Nyinyi Wakongo," alisema, pini zikiwa mdomoni, "Kiswahili mnakipiga marungu."

"Na weye unakipiga pasi mpaka kinaungua," koko akamjibu bila kugeuka, na wateja wakacheka hata wale wasioelewa.

Koko ndiye aliyeita wateja. Alisimama mlangoni kitenge kiunoni, na Kiingereza chake cha maneno kumi hivi, chote cha leo, hakikuwa na jana wala kesho. "My friend! Come! Sit! Nice hair!" Alimshika mtu mkono, akamkalisha, akamletea maji, na mtu aliyekuwa anapita kwenda kununua mkate akajikuta anatoka na misuko kichwa kizima. Mimi nilijificha nyuma ya pazia kwa aibu. Leo ninaona aibu ya kuona aibu ile.

Sasa nikufikishe kwenye jambo lenyewe. Koko alikuwa na nadhiri. Tulipovuka mto Limpopo kuingia nchi hii alimwahidi Mungu kwamba tukifika salama atasimama hadharani kushukuru, mbele ya wenye nchi iliyotupokea, kwa lugha wanayoisikia. Kabla ya hapo hangerudi Uvira. "Nikiisha kushukuru, narudi ku nyumba yangu," alisema kila alipokunja nguo zake, na sisi tulizoea kuisikia kauli hiyo kama unavyozoea redio ya jirani. Alikuwa na kitenge kimoja cha buluu alichokileta kwa ajili ya siku hiyo tu. Kilikaa chini kabisa ya mzigo wake, hakijawahi kuvaliwa.

Kanisa letu lilikuwa la kupanga. Asubuhi walisali wenyeji, watu wa lugha nyingi waliokutana kwa Kiingereza. Mchana tukaingia sisi. Mara moja kwa mwaka tulisali pamoja, na siku hiyo palikuwa na ushuhuda. Kama hujawahi kuingia kanisa la Wakongo huku ugenini, sikia utaratibu wake. Anayesema husimama na mkalimani kando yake, bega kwa bega. Anasema sentensi moja, mkalimani anaitoa kwa lugha ya pili, kwa sauti ileile na mikono ileile. Akipiga kifua, na mkalimani apige. Na mkalimani hasemi "yeye". Anasema "mimi". Mwaka mmoja mzee aliyekuwa mlevi alitoa ushuhuda, na mkalimani alikuwa binti wa kwaya ambaye hata soda alikunywa kwa adabu. Binti akatangaza kwa Kiingereza safi kwamba alilewa miaka kumi na miwili na kumpiga mke wake. Ibada ilipoisha, akina mama wenyeji walimzunguka yule binti wakamwekea mikono kichwani, wakaomba kwa machozi, na mlevi mwenyewe amesimama pembeni anatafuta kofia yake.

Mwaka wa tatu wa kukaa kwetu, koko akasema zamu yake imefika. Mkalimani atakuwa mimi.

Mama aliacha kusuka, mkono ukabaki hewani na uzi wa nywele. "Maman, huyu mutoto hata salamu haitoi kwa Kingereza. Tutafute mutu mukubwa."

"Huyu njo nilileta," koko akasema, na njo kwetu ni ndiye. "Huyu njo atasema."

Nikakimbilia chooni, nikakaa humo mpaka mpangaji mwingine akagonga mlango. Hata hivyo, nikikuambia niliogopa tu nitakuwa nakudanganya. Ndani ya hofu kulikuwa na fahari. Nilikuwa na miezi miwili ya kujiandaa. Ningetengeneza ushuhuda usio na kosa, na msichana wa mbele, ambaye familia yake ilisali na wale wenyeji, angeketi akasikia.

Nikafungua daftari jipya, nikamkalisha koko, nikamwambia asimulie. Niliandika kwa Kiswahili upande wa kushoto, kwa Kiingereza upande wa kulia. Kila jioni tulifanya mazoezi, yeye akichagua maharage, mimi nikisoma, na kila jioni alitoka nje ya daftari.

"Ile lori ilikuwa na mbuzi," alisema.

"Koko, mbuzi hayupo."

"Alikuwa, mutoto! Alikula kofia ya shoferi!"

"Kwenye daftari hayupo."

Ukweli ni kwamba sikuwa na hakika ya mbuzi yule na kofia ile kwa Kiingereza. Niliujenga ushuhuda kwa vitenzi nane tu nilivyoviamini, vile nilivyokuwa nimevihakikisha kwenye karatasi ya mwalimu, herufi kwa herufi. Kisichosemeka kwa vile vinane nilikiondoa. Koko hakulala popote katika safari ile, kwa sababu nilikuwa na mashaka na kitenzi cha kulala. Hakuimba. Hakuanguka. Hakupotea njia Zimbabwe, ingawa tulipotea siku nzima. Alikwenda, akaja, akaona, akatuleta. Kwenye daftari langu nyanya yangu alivuka nchi nne kama mtu aliyepanda lifti.

Zikiwa zimebaki siku chache, tulifika kwenye ukurasa wa Zambia. Nilikuwa nimeandika kuwa katika mji mmoja alininunulia maandazi. Koko akaacha kuchagua, vidole vikabaki ndani ya maharage.

"Pale nitaongeza maneno," akasema.

"Hapana, Koko. Ukurasa umejaa. Nimeshaukariri."

Koko akasogeza ungo pembeni, akajifuta mikono. "Hii si ushuhuda yangu tena," akasema bila hasira. "Ni devwa yako." Devwa ndiyo kazi ya shule ya kufanyia nyumbani. "Wende ukaisome peke yako." Jioni ile alimwambia mama kwamba hatasimama tena.

Siku tatu koko hakuita wateja. Alikaa kwenye kiti cha plastiki ndani kabisa ya saluni, akitenganisha nywele za pakiti, na watu wakapita zao. Mama alisuka mmoja asubuhi na mmoja jioni. Fundi alichungulia kwenye pazia.

"Bibi, leo mbona kimya? Nimekosa mtu wa kugombana naye."

Kwa kawaida koko angemrukia, maana kwetu bibi ni mke, na yeye hakuwa mke wa fundi. Safari hii alitikisa kichwa tu. Fundi akanitazama mimi. Akarudi kwenye cherehani yake, lakini mashine haikusikika kwa muda mrefu.

Nikuungamie hili pia: siku ya kwanza nilifurahi. Nilikuwa nimeepuka mtihani. Jumamosi ndipo nilipomwona koko akifungua mzigo wake. Alikuwa amekitoa kile kitenge cha buluu kukinyoosha kabla hatujagombana. Sasa alikuwa anakirudisha. Alikikunja vizuri, akakisukuma chini kabisa, akapanga nguo nyingine zote juu yake, moja moja. Nikaelewa kwamba nimemfungia mtu mlango, na huyo mtu hana mlango mwingine. Hangeshukuru, na bila kushukuru hangerudi kwake. Angezeeka kwenye kiti kile cha plastiki kwa sababu yangu.

"Koko," nikasema, "useme unavyotaka. Nitajaribu."

Hakugeuka. "Na daftari?"

"Litabaki nyumbani."

"Na ukikosea?"

"Nitakosea."

Akaangalia nguo zake. "Na mbuzi?"

"Mbuzi ataingia."

Koko akaingiza mkono chini ya mzigo, akakitafuta kitenge.

Jumapili ukumbi ulijaa. Akina mama wenyeji walikaa kushoto na blauzi zao nyeupe, sisi kulia na vitenge vyetu, na mlangoni alisimama fundi, Mwislamu, amekuja, kama alivyosema, kusikia Kiswahili kikiteswa. Msichana wa mbele alikuwa mstari wa pili. Nilimwona mara moja, kama unavyoiona njia ya kutokea.

Koko akashika mkono wangu na kuanza. Sentensi ya kwanza nilitoa sauti ya kuku. Ya pili ikawa afadhali. Alisimulia ziwa, nikasimulia ziwa. Akaegemea upande kuonyesha mtumbwi, na mimi nikajikuta nimeegemea. Alipofika kwa mbuzi nilisema nilivyoweza, nikitumia vidole na meno, na upande wa kushoto wakaanza kucheka, wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega. Hakikuwa kicheko cha darasani. Kilikuwa cha watu wanaotaka uendelee. Hapo ndipo nilipoacha kuhesabu makosa.

Kisha koko akafika Zambia, na sauti yake ikashuka.

"Huyu mutoto alikuwa mugonjwa. Hakuweza kusimama."

Nikasema.

"Nilikuwa na mudogo mu mugongo, na muzigo ku kichwa."

Nikasema.

"Mama mumoja wa kanisa akatupokea. Akaniambia, huyu atakufa njiani, umuache kwangu."

Nikasema, na bado sikuelewa tunakokwenda. Koko akanibana vidole.

"Asubuhi, akiwa amelala, nikamuacha. Nikaenda ku basi."

Upande wa kulia wote wakanigeukia. Walikuwa wameshasikia. Upande wa kushoto walikuwa bado wanatabasamu juu ya mbuzi, wananisubiri. Nusu ya ukumbi walijua na nusu hawakujua, na katikati kulikuwa na mdomo wangu tu. Na mkalimani hasemi "yeye". Mimi niliyeachwa ndiye niliyepaswa kusema kwamba mimi niliacha.

Nilimwona mama, mkono mdomoni. Hata yeye alikuwa hajui. Nilitamani koko aniangalie, naye alikuwa anaangalia mbele, ameshikilia mkono wangu kama mtu anayeogopa utachomoka. Nikaelewa kwa nini alinitaka mimi na si mtu mwingine. Nikasema. Kwa sauti yake, kwa Kiingereza changu: asubuhi, mtoto akiwa amelala, nilimwacha. Upande wa kushoto ukashusha pumzi kwa pamoja.

Koko akaendelea, mimi nyuma yake. Basi likaondoka. Likafika nyumba za mwisho za mji. Mdogo wangu, mgongoni, akauliza, yaya yuko wapi? Yaya kwetu ni dada mkubwa. Koko akapiga kelele dereva asimame, dereva akakataa, koko akavua kiatu akapiga nacho kioo mpaka basi likasimama. Akarudi kwa miguu, jua limeshapanda. Njiani akamwona mwanamke anakaanga maandazi, akanunua, ili nikiamka nione kwamba alikwenda sokoni tu.

"Nikarudi," koko akasema, akaniinua mkono juu kama wanavyomwinulia bondia. "Nikamuleta. Huyu hapa."

Nikasema na hilo. Na hapa utacheka, rafiki: mpaka leo sijui nilisema lipi, lile la ukutani au lile la uwanjani. Nililiandika kurasa nyingi kwa ajili ya siku ile, na siku ilipofika sikulisikia. Nilimuuliza fundi, aliyekuwa na masikio makali kuliko wote. "Mimi nilikuwa nalia," akasema. "Ningesikiaje?"

Mama alikuja mbele na kitenge chake akamfuta koko uso. Akina mama wenyeji wakaanzisha wimbo wa Kizulu, wakaja kwa mkalimani kama kawaida yao, wakaniwekea mikono kichwani na mabegani, na safari hii hawakuwa wamekosea mtu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, koko na mimi nyuma ya wengine.

"Kwa nini hukuniambia nyumbani?"

"Nyumbani ungefuta," akasema. Tukavuka roboti. Kisha akaongeza, taratibu, "Nyumbani ungelia peke yako. Kule nilitaka watu wakushike." Akanitazama. "Umekasirika?"

Nikafikiri kwa kweli, maana sikutaka kumpa jibu lililopambwa. Nikamwambia najaribu kukasirika lakini nakumbuka maandazi. Koko akacheka mpaka akaegemea ukuta wa watu, akicheka na kulia.

Jumatatu msichana wa mbele alinisubiri getini. "Bringed," akasema, "yule mbuzi alikuwa wa kweli?" Nikamsimulia, kwa Kiingereza kilichojaa mashimo, mpaka kengele ikalia. Jina lile halikuniacha mpaka nilipotoka shule ile, na niliitika.

Koko alikaa nasi kidogo tu baada ya hapo. Kuondoka kwake sikuwa nimekufikiria kwa uzito. Ile redio ya jirani, "narudi ku nyumba yangu", ilikuwa inasema kweli. Siku nyingine najiuliza kama mtoto yule wa vitenzi vinane alikuwa anatafuta ukamilifu, au alikuwa anavuta muda, kwa sababu moyoni alijua kwamba koko akimaliza kushukuru atafunga mzigo. Alifunga. Kwenye kituo cha mabasi cha mjini alikuwa amevaa kitenge kile cha buluu. "Sasa niko mwepesi," akaniambia, na ni kweli alipanda ngazi za basi kama msichana.

Mengi yamekwenda tangu hapo. Saluni sasa inauza vioo vya simu. Fundi amehamia Kensington, hapahapa Johannesburg, na nikimpigia bado ananinyooshea sentensi kabla hajauliza hali. Watu wa kanisa wametawanyika, wengine Cape Town, wengine ng'ambo, na ile sauti ya watu wawili wakisema jambo moja kwa lugha mbili sijaisikia mahali pengine. Mdogo wangu ni mrefu kuliko mimi. Koko akipiga simu kutoka Uvira, mdogo wangu anamwelewa kila neno, lakini anamjibu kwa Kizulu, "Yebo, Koko," na mimi nakaa katikati yao nikisema "mimi" kwa niaba ya wote wawili.

Begi nimelipata, duka la tatu kutoka pale kwenye matairi. Mwezi wa kumi na mbili naenda Uvira. Nimemwomba koko anitafutie nafasi ya ushuhuda kanisani kwao, nisimame mbele ya majirani zake. Najua watacheka. Kiswahili changu kimepigwa pasi mno, na cha kwao nimekisahau nusu. Wacheke. Koko atakuwa ameketi mbele, na nitaanzia Zambia. Nitawaambia kwamba huyu mama aliniacha asubuhi moja, akarudi kabla sijajua kwamba nimeachwa.